Vipokezi Vimeonekana

Mshona mapazia alikaa nje ya chumba cha daktari roho mkononi, akizungusha pete mpaka kidole kikawasha. Walikuwa wamemkata kipande cha uvimbe kwenye titi ili kikapimwe, na leo majibu yametoka.

"Dada, kidole kitang'oka kabla hujaitwa," mdogo wake alimtania. Hakucheka.

Walipoitwa ndani wote wawili, daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alimwambia, "Ni saratani, sikufichi. Na vipokezi vya homoni vimeonekana, tena vingi."

Mshona mapazia aliacha kuzungusha pete. "Basi ndiyo nimekwisha."

"Hapana, hebu nisikilize. Seli hizi husubiri ujumbe ndipo zikue. Homoni husafiri kwenye damu, ikiingia ndani ya seli na kunasa kwenye kipokezi, yaani pale inapopokelewa, seli huambiwa igawanyike. Sasa kuna kidonge kinachokwenda kukaa palepale kwenye kipokezi. Homoni ikifika inakuta pamekaliwa, ujumbe unakwama. Uvimbe usio na vipokezi, kidonge hiki hakiuwezi."

Mshona mapazia alimkazia macho, akiogopa kusikia vibaya. "Kwa hiyo kuonekana ni heri?"

"Ni heri. Upasuaji wa kuutoa uvimbe uko palepale, ila tumepata silaha ya pili."

Mdogo wake akaangua kilio.

"Nyamaza wewe, mwenye titi ni mimi," alimwambia, akimvuta begani. Kisha akamgeukia daktari na kuuliza atapasuliwa lini.