Mdoli Juu ya Meza ya Msumeno

Karani wa kiwanda cha mbao aliisoma orodha mara ya pili, akaitupa mezani. Mlinzi wa getini. Mpika chai. Mzee wa stoo, aliyebakiza wiki mbili astaafu. Dereva aliye likizo. Aliomba watu sita wa kufundishwa huduma ya kwanza, akapewa hao wanne, na kila msimamizi alimpa yule ambaye kazi ingeenda bila yeye. Kutoka chumba cha misumeno, ambako ndiko watu huumia, hakuletewa jina hata moja.

Miezi mitatu aliihangaikia siku hii. Aliandika barua, akabembeleza, akazungushwa mpaka akachoka. Sasa mkufunzi, mama mmoja mpole, alikaa kwenye benchi na mdoli wake wa mazoezi mapajani. Saa nne ilishapita, na jioni angeondoka zake.

Karani akashuka chumba cha misumeno. Fundi mkuu wa misumeno hakuzima mashine. Alimtegea sikio tu.

"Nipe watu wawili, fundi. Saa mbili tu."

"Dada yangu, oda inatoka kesho. Nisimamishe mashine watu wakacheze na mdoli?"

"Na mtu akikatika?"

"Si upo wewe na kitambaa chako?"

Mafundi wakacheka. Karani hakucheka. Mwaka jana alivua kitambaa chake cha kichwani akaufunga mkono wa fundi huyuhuyu, akibana bila kujua abane wapi. Hospitalini daktari aliuliza kidole kiko wapi, huenda kingeweza kurudishwa. Karani alipiga simu kiwandani mbio. Walikuwa wameshakifagia pamoja na vumbi la mbao, maana walitaka chumba kiwe safi kazi iendelee.

Hasira zikampanda, na hakujaribu kuzishusha. Alipanda ngazi, akamwomba mkufunzi radhi, akambeba mdoli begani na kushuka naye, mama wa watu akimfuata nyuma. Akazima swichi kuu. Akamlaza mdoli juu ya meza ya msumeno.

"Haya," alisema. "Huyu amekatika kidole. Tunaanzia wapi?"

Mafundi walimtazama mkuu wao, naye alimtazama mdoli. Kisha akapiga magoti, akaingia chini ya meza, na kwa ule mkono wa vidole vinne akaanza kupapasa taratibu kwenye vumbi la mbao.