Goti la Mujinga

Kwa miaka thelathini Papa Kabeya alichora ramani za migodi ya shaba kule Lubumbashi, na hakuna mhandisi aliyewahi kumrudishia karatasi. Sasa, akiwa mstaafu ughaibuni, mkono ulikuwa unamtetemeka, na mkewe, Mujinga, hakuambiwa. Kila Alhamisi akitoka mtaa wa Uccle kwenye darasa la kuchora watu, Kabeya alidai michoro inakwenda vizuri, ameiacha kwa mwalimu. Uongo mtupu! Aliichana yote na kuitupa kwenye pipa la kituo cha tramu.

Alhamisi hiyo mtu wa kuchorwa hakufika. Aliyefika ni Mujinga, amemletea mumewe miwani aliyoisahau mezani. Mwalimu, Madame Renée, akamwomba asimame mbele ya darasa, na kitenge chake hivyo hivyo. Mujinga, ambaye hajawahi kuchukia kutazamwa, akavua koti.

Kabeya akainamia karatasi yake. Leo mke ataona kila kitu. Akatoa rula, akaanza kumpima Mujinga kama anapima shimo la mgodi. Renée akaichukua ile rula bila hata kuomba radhi.

"Dakika mbili," akasema kwa Kifaransa. "Fuata uzito wa mwili wake. Usifute."

Dakika mbili! Kuchonga penseli tu zingekwisha. Kabeya akashika kipande cha mkaa, akauacha mkono uende utakako. Mstari ukashuka begani ukitetemeka, ukapanda nyonga, ukakandamiza mguu wa kulia mpaka ukawa mweusi tii. Mguu wa kushoto ukaugusa tu. Kwenye goti ukakatika.

Renée akaubandika mchoro ukutani. "Tazameni mstari unavyokatika hapa," akasema. "Rula haiwezi hivi."

Mujinga akasogea akichechemea kidogo, akautazama kwa karibu.

"Bon. Goti yangu," akasema. "Nani alikuambia inauma? Nilikuficha."

"Hakuna muntu aliniambia."

"Na mukono yako, inatetemeka tangu Pasaka. Kila asubuhi napangusa kahawa kwa meza. Ulizani sioni, Papa?"

Kabeya akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miezi mitatu ya kujificha kama mwizi, kumbe anamficha anayejua! Akachukua karatasi nyingine, mkono ukitetemeka waziwazi.

Mujinga akavuta kiti.

"Alors, chora tena," akasema. "Lakini hii ingine, nikae."