Meza ya Kufikiana

Dada mtu alipomfuata mumewe ng'ambo, mdogo wake alibaki na ofisi yao, wateja wao, na ukimya asiouagiza. Wote wawili walikuwa wasanifu wa vyumba. Miaka nenda miaka rudi walikaa uso kwa uso kwenye meza moja nyembamba, mmoja akichora, mwingine akinyoosha mkono na kufuta. "Hapo mtu atapita na tumbo lake?" dada alikuwa akiuliza. Ubishi unaanza, na ukija kwisha, chumba kimepatikana.

Sasa mdogo mtu alibishana na birika la chai.

Ndipo akaja meneja wa kampuni moja ya bima, mtu mnene mwenye utani. "Wafanyakazi wangu wanakaa bega kwa bega na bado wanaandikiana," alisema. "Mmoja akipiga chafya, mwenzake anamtumia pole kwa kompyuta. Nitengenezee ofisi ya watu kufanya kazi pamoja. Na umeme, mama, tunaula kama mchwa. Utusaidie na hapo."

Msanifu akaenda kuangalia. Ghorofa nzima ilikuwa imekatwakatwa kwa plaiwudi, kila mtu na kibanda chake. Makabati yalisimama mbele ya madirisha, kwa hiyo taa ziliwaka mchana kutwa na viyoyozi vilinguruma bila kupumzika. Jua lilikuwa nje linabisha hodi, hakuna wa kulifungulia.

Alianza na makabati. Yaliposogezwa, mwanga uliingia kwa kishindo, na mhasibu, mwanamke wa makamo asiyechekacheka ovyo, akakinga macho kwa kiganja. "Kumbe hapo nje pana mti!" alisema, akasimama kuutazama.

Kisha msanifu akatoboa matundu juu ya kuta ili joto lipande na kutoka. Akaweka feni badala ya viyoyozi, na tanki la maji ya mvua kwa ajili ya vyoo. Plaiwudi haikutupwa, ikageuka rafu. Pembeni aliacha vyumba viwili vidogo vyenye milango, kwa mwenye simu ndefu au mwenye kutaka kunyamaza. Na stooni alikuta milango ya zamani ya mbao ngumu imerundikwa. Hiyo alitaka iunganishwe iwe meza moja ndefu, katikati ya ukumbi.

Seremala aliusoma mchoro, akaupindua, akausoma tena. "Mama, mbona nyembamba hivi? Ofisi zote naweka pana zaidi."

"Nataka mkono wa huyu ufike kwenye karatasi ya yule."

"Si watagombana?"

"Wagombane."

Seremala akacheka, akaenda zake kukata. Msanifu alibaki ameshika mchoro. Vipimo vile hakuvitafuta popote; vilikuwa vya meza yake na dada yake. Katika ofisi ya watu, alikuwa amemchorea dada mahali pa kukaa.

Wafanyakazi walipohamia, wiki za kwanza zilikuwa za manung'uniko. Kisha siku moja msanifu akipita, akawakuta mhasibu na kijana wa idara ya madai wanavutana karatasi moja juu ya meza, kila mmoja na kalamu yake, wanabishana huku wanacheka. Alifurahi, na palepale akaumia. Akateremka ngazi bila kumwamkia mtu.

Dada alikuja likizo mwaka huohuo. Msanifu hata hakumwacha apumzike vizuri, akampeleka kuiona kazi. Rafu ya karibu na mlango ilikuwa ndefu mno, inabana njia, alijua, na alijua dada hatapita pale bila kusema.

Meneja aliwapokea mlangoni. "Na huyu mgeni?"

"Ni mwenzangu kazini," alisema msanifu.

"Nilikuwa," dada akasema, akitabasamu.

Dada alizunguka ukumbi taratibu, akapapasa meza, akatazama juu kwenye matundu. Akapita mlangoni, akaipita na ile rafu.

"Nzuri, mdogo wangu. Nzuri sana."

"Sema kweli, dada."

"Haki ya Mungu, nzuri."

"Na ile rafu?"

"Ina nini?"

Hivyo ndivyo watu wanavyosifu nyumba ya jirani. Msanifu hakutaka sifa, alitaka afutiwe.

Dada akaketi. "Usiniangalie hivyo. Kule nauguza wazee. Rula sijaishika tangu niondoke. Zamani nikitazama jengo naliona kosa lake kwanza. Siku hizi naona jengo tu."

"Na huku hukutamani?"

"Kila siku. Lakini wanangu wameota mizizi kule. Niwang'oe ili nije kubishana na wewe?"

Msanifu akapangusa pua. "Basi tafuta hata kosa la uongo."

Dada akaangaza macho huku na huku kwa bidii, kama mtu aliyepoteza funguo. "Feni ile. Inampeperusha mama yule nywele."

"Haimpeperushi!"

"Inampeperusha. Huoni kajifunga kitambaa?"

"Jamani," mhasibu akadakia bila kuinua kichwa, "nimejifunga kwa sababu sijasuka."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na dada akacheka mpaka akainamia meza. Mabega yake yaliendelea kutikisika hata wengine waliponyamaza, na msanifu alipomshika, alikuta uso umelowa.

Dada aliondoka Jumapili. Waliagana kwa maneno machache, mengi yangewaliza.

Wiki ile shule moja ikamwita msanifu, inataka chumba cha walimu chenye hewa na meza ya kukalia pamoja. Alikubali. Akafika na futi yake, akaivuta kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mita sita na nusu," akasema kwa sauti, kama wanavyopima watu wawili, mmoja akisoma, mwingine akiandika.

Akasubiri kidogo. Kisha akaiacha futi ijikunje, akatoa kalamu, akaandika mwenyewe.