Mbwa Mmoja wa Kwale na Kulungu

Murdo Cargill aliingia jikoni bila kupiga hodi, kama kawaida yake, na mtoto wa mbwa mweusi akichungulia kutoka kifuani mwa koti lake. Alimtoa akamweka juu ya meza, katikati ya bakuli za supu ya shayiri.

"Haya shemeji, mpokee mwenzio. Mtoto wa mbwa wangu Bess huyo. Nimekuchagulia bora kuliko wote."

Ishbel Rattray, dada wa mke wa Murdo, aliweka kijiko chini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, mwenye mikono iliyokwaruzwa na nyaya za uzio. Tangu baba yake, mzee Dod, awekewe nyonga ya bandia, yeye ndiye aliyekuwa mtunza mawindo wa bonde la Glen Tarvie. Kazi yake ilikuwa kuchunga kwale wa mlimani, kuongoza wageni wenye bunduki na kupunguza kulungu walipozidi. Wiki sita zilizopita mbwa wake mzee wa aina ya Labrado alikuwa amekufa usingizini, na tangu siku hiyo kila mtu bondeni alikuwa na maoni yake kuhusu nani amrithi.

"Mzuri kweli," alisema, akimkuna yule mdogo nyuma ya sikio. "Lakini simchukui, Murdo."

"Humchukui?"

"Simchukui. Nataka mbwa mmoja wa kazi mbili. Asubuhi anitafutie kwale. Mchana alale kimya ubavuni mwangu nikimvizia kulungu. Na mgeni akimjeruhi mnyama, anipeleke mpaka alipo."

"Bess anafanya hayo yote!"

"Bess analeta ndege aliyekwisha kufa. Kwenu mna watu ishirini wa kupiga kelele na kuwatimua ndege. Mimi nina mlima mzima na miguu hii miwili. Nataka mbwa wa kutangulia mbele, anase harufu ya kwale aliye hai, asimame kama nguzo mpaka nifike."

"Si uchukue spanieli wa masikio marefu, basi."

"Spanieli nimlaze kinamasini saa nzima asitikisike? Labda kwa sindano ya usingizi."

Mzee Dod alicheka kwa puani. Alikuwa akifuatilia mabishano hayo kama mtu anayesikiliza mpira redioni. "Na wale mbwa wa Bavaria, mwanangu? Wanasifiwa kwa kufuata damu."

"Wanastahili sifa, baba. Ila mwonyeshe bata aliyeanguka majini, anakutazama kama vile umemtukana."

"Wale wekundu wa Kihangari je?"

"Hao ningewachukua kama tungekuwa na jua. Manyoya yao mepesi kama shuka. Ikifika Oktoba, kulungu watasikia meno yao yakigongana kabla hawajaniona mimi." Ishbel alirudi kwenye supu yake. "Nataka Mjerumani, yule mwenye manyoya magumu kama waya. Anasimamia ndege, anaogelea, anafuata damu, na mvua haimwingii."

"Yule mwenye ndevu!" Murdo alijishika kichwa. "Shemeji, wale ni wakaidi, wanaua paka wa watu, hawasikii la mtu. Ukoo wa Rattray umefuga Labrado tangu enzi za babu wa babu yako."

"Babu wa babu yangu alikuwa anatembea kwa miguu mpaka kanisani. Wewe hapa umekuja na nini?"

Murdo alilitupia jicho gari lake nje ya dirisha. Alimrudisha mtoto wa mbwa kotini, akafunga vifungo taratibu, kama mtu aliyeumia. "Utanigongea mlango kabla ya theluji," alisema, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata Ishbel aliendesha gari mpaka Galloway, kusini, mwendo wa saa nne. Alikuwa amesikia kwamba mjane mmoja, Netta Imrie, alikuwa na mbwa jike wa aina hiyo ya Kijerumani, wa miaka miwili na nusu, aliyefunzwa na marehemu mumewe. Alikuwa amesikia pia kwamba wanaume wawili walikwisha kumchukua kwa majaribio na wote wakamrudisha.

Netta alikuwa bibi mfupi mwenye sauti nzito, na hakumkaribisha hata chai. "Senga yuko bandani," alisema. "Wa kwanza alisema hasikii. Wa pili alisema ana kiburi. Wewe utasema nini?"

"Sijui, mama. Sijamwona bado."

Hilo lilimfurahisha bibi kidogo. Alifungua mlango wa banda, akatoka mnyama mrefu wa rangi ya kahawia iliyonyunyizwa kijivu, nyusi nene, ndevu zimesimama huku na huku kama za mzee aliyeamshwa ghafla. Senga alimpita Ishbel bila kumtazama, akaenda kunusa magurudumu ya gari.

Netta alirusha bata wa bandia wa mazoezi katikati ya bwawa lenye maji meusi. Senga aliketi, akisubiri. Alipoambiwa aende, aliingia majini bila kusita, akarudi naye mdomoni, akamweka mkononi mwa Netta. Kisha wakatembea kwenye majani marefu nyuma ya nyumba, na mara yule mbwa akasimama, mguu mmoja hewani, mkia umenyooka. Kwale wawili waliruka mbele yake. Hakuwafukuza.

"Sasa mwite," alisema Netta.

Ishbel aliita. Senga aligeuza kichwa, akamtazama kwa muda, kisha akaendelea na shughuli zake. Ishbel hakupaza sauti. Aliketi chini kwenye majani yaliyolowa, akatoa darubini, akaanza kuutazama mlima wa mbali kana kwamba hana haja na mtu. Dakika tatu zikapita, nne. Hatimaye alisikia pumzi karibu na sikio lake. Senga akajilaza ubavuni pake, kidevu juu ya miguu, naye akatazama kule kule. Walikaa hivyo muda mrefu, bila mbwa kulia wala kujinyoosha.

"Wale wanaume walimpigia makelele," alisema Netta kwa upole ambao hakuwa nao mwanzo. "Marehemu hakuwahi. Mchukue wiki tatu. Usipompenda, mrudishe. Yeye asipokupenda, nitaliona usoni mwake."

Wiki mbili za kwanza bondeni hazikuwa rahisi, ila Ishbel hakuwa mtu wa kutetereka. Senga alimfukuza sungura mpaka ng'ambo ya kijito siku ya pili, na Ishbel akamfuata kwa miguu mpaka huko, akamrudisha kimya kimya mpaka pale alipotokea, akaanza upya. Aliburuta ngozi ya kulungu mlimani, akadondosha damu kidogo kidogo, akaiacha ilale mpaka kesho yake, kisha akamfunga Senga kamba ndefu ya ngozi na kumwacha aongoze. Kila asubuhi walitafuta kwale, na kila mchana walilala kwenye mawe wakitazama kulungu bila kufyatua risasi. Siku ya kumi na mbili alimwambia baba yake, "Huyu ndiye." Mzee Dod akajibu kwamba hilo alilijua tangu siku ya sungura, maana ni mara yake ya kwanza kumwona binti yake akimfuata mtu.

Katika wiki ya tatu alikuja mgeni kutoka Ubelgiji, Daktari Lambrecht, mtu mpole aliyelenga vizuri sana kwenye shabaha ya karatasi. Murdo naye alikuja kusaidia kumshusha mlimani mnyama atakayepigwa, kama majirani walivyozoea kufanyiana, na Bess akiwa nyuma yake. Alimtazama Senga, akasema, "Habari za asubuhi, mzee," na kucheka peke yake.

Saa tano hivi walilifikia dume zuri la kulungu lililosimama chini ya mwamba. Ishbel na daktari walitambaa kwa matumbo, Senga akitambaa nao hatua kwa hatua. Daktari alipumua, akafyatua. Dume lilijikunja mgongo, likatikisika, kisha likatimka likapotea nyuma ya kilima.

"Nimelikosa?" aliuliza daktari, uso umempauka.

Ishbel alishuka mpaka pale, akapiga magoti. Palikuwa na damu nyeusi iliyochanganyika na vipande vya majani yaliyotafunwa. "Hujalikosa. Umelipiga tumboni."

Murdo alikuwa amekwisha kufika. "Twende basi! Tazama kule, mvua inakuja. Nimwachilie Bess sasa hivi."

"Hapana. Tunangoja kwa saa mbili."

"Saa mbili! Damu yote itaoshwa, Ishbel!"

"Tukilikimbilia, litakimbia mpaka bonde la pili na kufa kwa mateso. Tukiliacha, litalala. Na Bess abaki nawe, mbwa wawili kwenye njia moja wataivuruga." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayetaja siku ya leo. "Kaeni. Kuna mkate na jibini kwenye mkoba."

Mvua ilifika kabla mkate haujaisha, mvua nzito iliyochanganyika na theluji. Daktari aliketi juu ya jiwe, hakula kitu. Murdo alitazama saa yake kila baada ya dakika tano na kuhakikisha anaonekana. Senga alilala mviringo miguuni pa Ishbel, maji yakiteleza juu ya manyoya yake kama juu ya bati. Kwa mara ya kwanza Ishbel aliingiwa na wasiwasi. Hakumtilia shaka mbwa. Alimwazia yule mnyama huko aliko. Aliuacha wasiwasi upite, akamalizia chai yake.

Saa saba alimfunga Senga kamba ndefu, akamwonyesha pale penye damu. Tone lenyewe halikuonekana tena. Mbwa aliteremsha pua, akavuta pumzi ndefu mara mbili, akaanza kwenda.

Walipanda kilima, wakashuka upande wa pili, wakavuka kijito. Mita mia nne walikwenda bila kuona hata alama moja. "Anatembea tu huyu," Murdo alinung'unika nyuma. "Shemeji, anatutembeza." Ishbel alishika kamba, akaufuata mgongo ule wa kijivu. Chini ya jiwe lililoinama, mahali ambapo mvua haikufika, palikuwa na tone moja jeusi. Alilionyesha kwa kidole bila kusimama.

Ndipo, katikati ya vichaka, Senga akasimama ghafla. Mguu ukanyanyuka, mkia ukanyooka. Hakuwa akitazama chini tena. Alikuwa akitazama mbele, kushoto.

"Ndiyo hayo!" alisema Murdo. "Ndevu zimeona kuku. Kazi mbili, sivyo? Sasa atachagua aipendayo."

Ishbel alijua kwamba hapa ndipo palipo na swali lenyewe, lile ambalo Murdo amelitupa kama mzaha. Mbwa aliyezaliwa kupenda ndege amesimama mbele ya ndege, na huko mbele kuna mnyama anayeteseka. Hakuvuta kamba. Alisogea mpaka ubavuni pa Senga, akaweka kiganja mgongoni pake, akasema kwa sauti ya chini, "Leo siyo hao."

Kwale watano waliruka kwa kishindo, wakateleza hewani wakishuka bondeni. Senga alitetemeka mwili mzima. Akawafuata kwa macho. Kisha akatoa pumzi, akageuka kulia, akarudisha pua chini palepale alipoiacha njia.

Murdo alifuata nyuma, safari hii akikanyaga taratibu.

Walilikuta dume kwenye kijisitu cha miti myeupe, limelala, kichwa kimeinuliwa, halina nguvu za kuamka. Senga alisimama akavuta kamba mara moja tu, kama anayesema ni hapo. Ishbel alimwashiria alale, akamlenga mnyama taratibu, akafyatua mara moja. Kichwa kikashuka.

Daktari Lambrecht alifika akihema, akavua kofia. "Samahani," alisema, na hakuwa akimwambia mtu yeyote kati yao.

"Limekwisha, daktari," alisema Ishbel. "Hatukuliacha. Hilo ndilo la muhimu."

Walifunga kamba kwenye pembe, wakaanza kuliburuta. Katikati ya mteremko Murdo alisimama kupumzika, akajifuta uso. "Bess angeishia pale kijitoni," alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake. "Nasema ukweli. Mvua ile ingemshinda."

"Bess ni mbwa mzuri, Murdo."

"Najua ni mzuri. Sikuulizi." Akakamata kamba tena. "Huyu wako akizaa, nataka mmoja. Na usimwambie dada yako kwamba nimeomba."

"Nitamwambia leo leo."

Saa kumi na moja, kabla hata hajavua viatu, Ishbel alimpigia simu Netta Imrie. Alimsimulia yote, tangu tumbo la kulungu mpaka wale kwale watano. Upande wa pili bibi akakohoa.

"Aliwaacha?"

"Aliwaacha, mama. Nilimgusa tu."

"Marehemu alikuwa akimgusa hivyohivyo," alisema Netta. Akakohoa tena, na sauti yake ikawa ile nzito ya mwanzo. "Basi ni wako. Sikiliza sasa. Zile ndevu uzikaushe vizuri kabla hujamlaza, na miiba uitoe kwa vidole, usitumie kitana, hapendi. Mpe chakula cha moto leo. Na kesho?"

"Kesho nina wageni wanne wa kwale."

"Vizuri," alisema bibi. "Atafurahi."

Ishbel aliweka simu, akachukua taulo, akapiga magoti sakafuni mbele ya jiko. Senga akamletea kidevu.