Nyati Asiye na Pembe

Gari lilikuwa linanguruma nje, masanduku mawili yameshapakiwa, nami narudi ukumbini kuchukua la tatu. Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka 1971, mjini North Platte, siku ya mwisho ya maonyesho ya sarafu. Nilitaka kufika Cheyenne kabla ya theluji. Nikikaa mahali siku tatu miguu inaniwasha, ndivyo nilivyoumbwa.

Meza ya pili kutoka yangu ilikuwa ya Royce Haddick, muuza sarafu mwenye jina kubwa na tai ya hariri. Mbele yake walisimama ndugu wawili waliopita arobaini: Verna Kucera, mpishi wa shule, na kaka yake Delmar, mwashi, saruji bado imo kwenye kucha. Verna alifungua ganda la saa ya mfukoni lisilo na mashine ndani. Akatoa senti tano ya nyati, ile yenye nyati upande mmoja na kichwa cha Mhindi Mwekundu upande wa pili, ya mwaka 1926, yenye alama ya kiwanda cha sarafu cha Denver.

"Siiuzi," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Imewahi kutumika, au haijawahi?"

"Mwambie na sababu," Delmar akacheka. "Unaona haya ya nini?"

Verna akaeleza. Baba yao, Emil, alikuwa mlevi wa kulala mitaroni. Mwaka ule wa ishirini na sita alipokea mshahara kule Denver, na ndani yake ilikuwemo senti tano mpya kabisa. Alimwonyesha mkewe, akaapa: siku nikirudia pombe, hii ndiyo nitaitoa kwanza, maadamu unaiona, jua sijanywa. Akakaa nayo miaka arobaini na mitatu, mpaka kufa.

"Na mimi nasema aliinywea na kutia nyingine," alisema Delmar. "Mzee alikuwa anatafuna mnanaa kutwa. Nani anatafuna mnanaa kutwa kama hana la kuficha?"

Verna akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta shahidi wa njiani. "Huyu hakwenda hata kumzika baba," alisema.

Royce aliitazama sarafu kwa muda wa kupiga chafya. "Pembe iko wapi, mama? Nyati hana pembe, mkia umefutika, nywele za huyu Mhindi Mwekundu zimekuwa uji. Hii imezunguka madukani miaka kumi. Nitakupa dola mbili, uondokane nayo."

Verna alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Delmar alimgonga bega. "Umesikia? Mtaalamu huyo, si mimi."

Mimi nilikuwa nimeshaiona ile sarafu kutoka pale niliposimama. Royce naye aliiona, na alijua ninachokijua: dola mbili ni wizi. Lakini kazi yetu ina mwiko mmoja: huingizi mdomo kwenye biashara ya meza ya mwenzako. Nikabeba sanduku la tatu, nikatoka. Nikalipakia. Nikakaa nyuma ya usukani, sijui nilimkasirikia nani zaidi, Royce au mimi. Nilipiga usukani mpaka honi ikalia. Nikazima gari, nikarudi.

"Royce, washa taa yako."

"Tuttle, meza yako iko kule."

"Sina meza tena, nimeshafunga. Washa taa, mwizi wewe!"

Watu waligeuka. Nikaiwasha mwenyewe. Nikaishika sarafu kwa ukingo, vidole viwili, nikamwita Verna karibu.

"Sikiliza, dada. Pigo la mashine kiwandani ni kitu kimoja, mng'ao ni kingine. Sarafu nyingi za Denver za mwaka ule zilipigwa kilegevu, pembe haikutokea hata siku ya kwanza. Usitafute pembe. Tazama mwanga."

Nikaigeuza polepole chini ya taa. Mwanga ukazunguka kama miti ya gurudumu la mkokoteni, ukapanda paja la nyati, ukapita juu ya nyonga bila kukatika, ukashuka upande wa pili. Kisha nikatoa mfukoni senti tano ya chenji ya asubuhi ile, ya 1936, pembe nzima kabisa. Nikaigeuza vilevile. Hakuna kilichotembea, ilikuwa imefifia kama kijiko cha mgahawa.

"Hii ina pembe, na imetumika. Mifuko ya watu inakula mng'ao kwanza, na inaanzia pale palipoinuka. Ya baba yako haijaliwa popote."

"Rudia," alisema Verna. Nikarudia. "Mwanga unatembea," alisema, taratibu sana.

"Alitia nyingine mpya!" Delmar alifoka.

"Mpya ya mwaka ishirini na sita, ya Denver, mlevi angeipata wapi miaka baadaye? Kaunta ya baa?" nilimwuliza.

Delmar alininyang'anya ile sarafu, akaikandamiza kwenye suruali yake yenye vumbi la saruji, akaisugua kwa dole gumba, mara mbili, kwa nguvu zake zote. Akaitupa mezani. "Haya. Soma sasa!"

Nikaigeuza chini ya taa. Mwanga ulikuja mpaka nyongani ukafa. Palibaki doa la kijivu na mikwaruzo.

"Si nilisema imechakaa," alisema Royce.

Nilimkamata ile tai. Ilibidi wanaume watatu wanitoe.

Verna hakulia. Aliirudisha sarafu kwenye ganda la saa, akalifunga. "Umechelewa, Delmar," alisema. "Nimeshaiona."

Theluji ilinikamata njiani, nikafika Cheyenne Jumanne. Kwa ugomvi ule, chama cha wauza sarafu kilininyima meza kwa miaka minne. Royce aliendelea kuuza mpaka macho yakamgomea, akafa na pesa nyingi. Delmar alihamia Ogallala. Hakuongea na dada yake tena, na alizikwa huko. Verna alipika pale shuleni mpaka alipostaafu, akafariki mwaka 1988. Sarafu iko kwa binti yake. Aliwahi kuipeleka kwa muuzaji mmoja, akaambiwa imetumika, thamani yake ndogo.