Vifaa vya Watu Kumi na Wawili

Bi Chapa alikuwa ametoa ahadi mbele ya nyumba nzima, tena kwa sauti: ikiwa darasa lake la kuchapa picha halitaanza Jumamosi, basi Jumatatu ataketi katika duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yake na kupima misumari bila kununa. Shemeji alikuwa amekwisha kumnunulia kigoda.

Jina la Chapa alilipata katika kiwanda cha uchapaji, alikochapa kazi za watu kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka kiwanda kilipofungwa naye akaagwa kwa kopo la wino mweusi na hotuba ndefu. Kopo lilikuwa na manufaa zaidi. Tangu hapo aliishi kwa mdogo wake, akila kwa adabu na kushauri bila kuulizwa.

Msimamizi wa ukumbi wa mtaa alimpa sharti moja tu. Wanafunzi sita wawe wameketi ifikapo saa kumi alasiri, la sivyo ukumbi utapewa wanakwaya.

Kuchapa picha hakufanywi kwa mikono mitupu. Mtu huchonga picha katika kipande laini, hukipaka wino, hulaza karatasi juu yake, kisha husugua mgongo wa karatasi mpaka picha ihamie huko. Dukani vifaa hivyo vilikuwa na bei ya kutisha. Nyumbani vilikuwapo tele, vikipotezewa muda katika kazi za kipuuzi. Zulia la plastiki la uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe wa mdogo wake lilichongeka vizuri mno. Bi Chapa akakata miraba kumi na miwili, ingawa wa mwisho ulivuka kidogo mpaka wa kitanda. Kioo cha picha ya harusi ya mdogo wake kilifaa kutandazia wino, na vijiko vya wageni, ambavyo binti wawili wa nyumba hiyo walikabidhiwa kuvitunza, vilifaa kusugulia. Ama vyuma vya mwavuli wa shemeji, vilikuwa na mfereji katikati kama patasi ndogo. Akavikata, akavinoa kwa jiwe la jirani yao fundi viatu, aliloliazima wakati mwenyewe amekwenda kula. Kitambaa cha mwavuli alikikunja vizuri na kukitundika mahali pake pamoja na mpini, kwa kuwa hakupenda fujo.

Jumamosi, saa tisa na nusu, meza kumi na mbili zilikuwa tayari. Msimamizi akazizunguka akikuna kidevu.

“Kazi safi, mama. Na wanafunzi?”

“Watakuja.”

“Tangazo ulibandika wapi?”

 Wiki tatu nzima Bi Chapa alikuwa akiwaza vifaa tu. Mtu aliyechapa matangazo ya mji mzima hakuchapa hata moja la kwake.

Nje mvua iliyoanza adhuhuri ikazidi kunyesha. Msimamizi akatoa simu, akamtafuta kiongozi wa kwaya.

Saa kumi kasoro dakika kumi mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Shemeji aliingia akitiririka maji, kitambaa cha mwavuli kikimning'inia shingoni. Nyuma yake mkewe, mama yake, binti zake wawili na fundi viatu. Katika kutafuta vyuma vya mwavuli walikuwa wameipekua nyumba nzima, kila mmoja akagundua hasara yake, na fundi viatu, aliyesikia kelele, akaongeza jiwe lake.

“Nimeufungua mbele ya wateja, ukaniangukia kama shela!”

“Karibu, shemeji. Keti.”

“Sikuja kuketi!”

“Dada, kioo cha harusi yangu!” mdogo wake alilia. “Miaka ishirini na minne nakifuta!”

“Ndiyo maana kinang'aa, mdogo wangu.”

“Nimeshusha miguu asubuhi, nikakanyaga saruji baridi,” alisema mama mkwe. “Nikadhani nimekwisha kufa.”

“Na vijiko, mama mkubwa?” binti wakauliza kwa pamoja.

“Na jiwe langu?” akadakia fundi viatu.

Bi Chapa akagonga meza mara moja. “Sitatoa kitu kwa mtu aliyesimama. Aketi kila mmoja palipo na mali yake, aikague.”

Wakaketi, kwa mazoea ya utotoni shuleni. Msimamizi akahesabu kwa kidole.

“Sita. Wamenuna, lakini sharti halikutaja furaha. Niwaandike?”

“Umwandike nani?” Shemeji akaanza kuinuka. “Mimi naondoka na vyuma vyangu!”

“Basi watabaki watano,” alisema msimamizi, “na darasa limekufa.”

“Sawa, shemeji,” Bi Chapa akasema kwa upole. “Ahadi ni ahadi. Jumatatu nitakuja dukani mapema.”

Shemeji akabaki amejikunja, si wima wala si chini. Akaitazama miraba ya zulia, akatazama vijiko, akatazama patasi kumi na mbili zilizonolewa zikawa wembe. Kisha, bila shaka, akalifikiria duka lake: mabomba, nyaya, mabati, misumeno, yote yakiwa mbele ya mwanamke huyu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Akaketi.

“Niandike,” alimwambia msimamizi. “Na Jumamosi ijayo pia.”