Dozi ya Ishirini

Mwalimu Projest Rutashobya hakuwa mtu wa kupanga foleni. Alikuwa mtu wa kupangisha wengine foleni, tena kwa miaka kumi na mmoja, kila asubuhi, wanafunzi mia nne wa shule ya msingi, na ole wake atakayechomoka mstarini. Leo hii, saa moja na nusu asubuhi, katikati ya likizo yake ya Juni, alikuwa ameketi kwenye benchi la zahanati moja huko Kisesa, mtoto wa miezi mitano kifuani, kanga ya mkewe imefungwa begani kwa fundo ambalo hata yeye hakujua angelifunguaje. Mbele yake walikuwepo wanawake thelathini. Aliwahesabu mara mbili, akitumaini amekosea.

Alikuwa amekasirika tangu atoke nyumbani Buswelu, na tuseme ukweli, alikuwa na haki. Nathaniel alipotimiza wiki sita, mkewe Kemilembe alimpeleka zahanati ya karibu na kwao. Akapata matone, akapata sindano ya paja la kushoto. Ya paja la kulia, ile ya kukinga nimonia, akaambiwa imeisha, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo imeisha. Wiki ya kumi, imeisha. Wiki ya kumi na nne nesi hakuhangaika hata kusema, alitikisa tu kichwa. Kwenye kadi ya kliniki safu nyingine zote zilikuwa zimejaa tarehe na saini. Safu ya nimonia ilikuwa nyeupe kabisa.

Wakajaribu kituo kingine upande wa Nyakato, karibu na kiwanda cha samaki ambako Kemilembe anapakia minofu. Huko chanjo ilikuwepo. Walichokosa ni kadi. "Hii kadi siyo ya hapa," waliambiwa. "Zetu zinakuja kwa hesabu ya watoto wetu." Projest aliuliza kama nimonia nayo huuliza kadi imefunguliwa wapi kabla ya kumwingia mtoto. Akaombwa atoke nje kwa sababu anapiga kelele.

Asingekuwa mkali hivyo kama isingekuwa habari ya Kokuberwa, binti yao mkubwa. Kokuberwa alishikwa na nimonia akiwa na miezi minane, akalazwa siku kumi na moja, mrija wa hewa puani, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Alipona, sasa yuko darasa la pili na anapiga domo kama baba yake. Lakini Kemilembe hakupona. Mpaka leo mtoto akikohoa mara mbili yeye huwasha taa na kumfunua kifua. Alfajiri ya leo, kabla ya kwenda zamu, alimfunga Projest ile kanga, akamwekea kadi mfukoni, akasema, "Wanasema Kisesa imefika, na kadi ya popote wanapokea. Baba Koku, nakuomba, usirudi bila hiyo sindano."

Sasa hapo Kisesa, saa mbili kamili, mhudumu mmoja mama wa makamo alitoka na daftari, akasimama mlangoni.

"Wa nimonia sikilizeni. Zimekuja dozi ishirini. Ishirini basi. Nisisumbuliwe."

Benchi zima liliguna. Projest alikuwa wa thelathini na moja, na hesabu hiyo haihitaji ualimu. Akainuka, akaenda mlangoni kwa adabu zote alizobakiwa nazo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, naona hapo ukutani mmebandika kwamba aliyekuja na mwenza anahudumiwa kwanza. Mnataka akina baba washiriki. Basi mimi baba nimekuja."

Yule mama akalitazama tangazo, akamtazama yeye, akalitazama tena tangazo. "Mwenza wako yuko wapi?"

"Yuko kazini. Ndiyo maana nimekuja mimi."

"Sasa hapo wewe umekuja na nani?"

"Nimekuja na mtoto!"

"Na hawa wote wamekuja na watoto, baba. Tangazo linasema mama aliyekuja na mwenza. Wewe ni mama?"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Projest akarudi benchini masikio yakimwaka moto. Mwanamume anabembelezwa na redio kila siku aje kliniki. Amekuja, na kosa lake sasa ni kwamba amekuja peke yake. Alitamani kuandika barua wizarani papo hapo. Lakini Nathaniel alikuwa ameanza kulia na mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Mlete huku, utamvunja shingo." Aliyesema alikuwa mwanamke aliyekaa nyuma yake, wa thelathini na mbili kwenye foleni, kijana bado, na kitoto chake kimelala mgongoni. Alilifungua lile fundo kwa vidole viwili, akalifunga upya, na Nathaniel akanyamaza. "Mwangaluka," akasalimia kwa Kisukuma, ndipo akacheka. "Yaani tumeanza na ugomvi kabla ya salamu. Mimi Mama Chenge." Projest naye akajitambulisha kama mwalimu.

Mama Chenge alikuwa anatoka kwenye mwalo mmoja wa wavuvi huko Magu, pikipiki na miguu, ametoka gizani. Mumewe yuko visiwani kwenye dagaa, anarudi mwezi ukiwaka, dagaa wasipovulika. Chenge ana miezi mitatu na nusu, na sindano hiyo hajaiona hata moja. Hii ilikuwa safari yake ya tatu Kisesa.

"Wenzetu wanaazima bodaboda," alimwambia kwa sauti ya chini, akimwonyesha kwa kidevu. Kweli, mama mmoja alikuwa anaingia kwenye foleni ya wenza na kijana aliyevaa kizibao cha bodaboda, ambaye hakujua hata ampakate mtoto upande gani. "Unampa ya soda, anakuwa baba mpaka saa nne. Leo nimechelewa, wamekwisha wote pale nje."

Projest alikunja uso. Huo ni udanganyifu, na yeye amewachapa watoto kwa udanganyifu mdogo kuliko huo.

Mama Chenge alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, kama mtu anayechagua samaki mnadani. "Wewe huna mke hapa. Mimi sina mume hapa. Na sisi wawili tukikaa hivi, hakuna anayepata."

Projest alipigana na dhamiri yake kwa muda mfupi sana. Tuseme dakika moja. Aliwaza "usirudi bila hiyo sindano", akawaza zile mbavu za Kokuberwa, akasimama. Wakaenda pamoja kwenye foleni ya wenza, yeye mbele na kifua nje, mama nyuma. Mhudumu wa daftari aliwaona, akajua kabisa, akaguna, akawaandika. Watu aliokuwa amekaa nao benchini muda wote huo hawakucheka tena. Mmoja alitema mate pembeni. Projest alijifanya anasoma bango la kunawa mikono.

Ilikaribia saa nne walipoitwa. Nesi alikuwa binti mdogo mwenye macho mekundu ya uchovu, kibebeo cha chanjo miguuni. Alizipokea kadi mbili, akazifungua pamoja, akasoma, akasita.

"Mama, hawa watoto wamepishana wiki sita," alisema. "Ulizaaje?"

Mama Chenge akamgeukia Projest. Hapo ndipo Projest alipofanya kile anachokifanya siku zote, darasani, kwenye vikao vya wazazi, hata msibani: alijibu haraka kabla ya kufikiri. Watani wake Wasukuma hapo shuleni humwambia kwamba Mhaya hawezi kuacha swali lipite bila jibu, na yeye hulichukua kama sifa.

"Huyu mdogo siyo wetu, sista," alisema, akitabasamu, mkono kwenye kichwa cha Chenge. "Ni wa mdogo wangu, Pius. Mama yake anaumwa kidogo, tukasema tumlete pamoja na wetu."

Hakuwa na mdogo wake anayeitwa Pius. Lilimjia tu, na likakaa vizuri. Nesi aliridhika, akaandika. Projest akajisifu kimoyomoyo.

Nesi akainua kile kichupa, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa. Akakagua kibebeo. Akahesabu alama kwenye karatasi yake kwa ncha ya kalamu.

"Imebaki moja," alisema. "Ya ishirini. Basi nimchanje huyu wa kwenu. Huyo wa Pius, mama yake akipona amlete mwenyewe, mwezi ujao wakituletea."

Chumba kilikuwa kidogo, na Projest alisikia pumzi ya Mama Chenge ikikatika. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: huyu si mke wangu, na huyo ni mtoto wake. Pengine wangefukuzwa wote wawili. Pengine nesi angewaacha wapige kura. Pengine angempa Chenge, ambaye mama yake ametembea gizani. Kati ya hizo pengine zote, hakuna hata moja iliyomhakikishia kwamba Nathaniel atatoka na sindano pajani. Mwalimu ambaye hakuwahi kukosa neno aliangalia ncha za viatu vyake.

Mama Chenge alimsubiri. Alimsubiri muda wa kutosha kabisa, ule muda nesi aliochukua kuvuta dawa. Angeweza kusema yeye mwenyewe, lakini kwa vinywa vyao wenyewe walikuwa mke na mume, na mama mkubwa wa Chenge akipiga kelele kwamba Chenge ni mwanawe wa kumzaa, nani angemwamini?

"Mama, mshike mtoto wako mguu," alisema nesi. "Huyu baba hataweza."

Na alimshika. Alimpokea Nathaniel kutoka mikononi mwa Projest, akamlaza mapajani, akaubana ule mguu wa kulia barabara kama mtu aliyeshika miguu mingi ya watoto, na sindano ilipoingia na mtoto akapiga ukunga, akampulizia usoni na kumwambia basi, baba, basi, imekwisha. Chenge alikuwa amelala mgongoni mwake muda wote huo.

Nje jua lilikuwa limeshika. Simu ililia kabla hata hawajafika getini. Ilikuwa saa ya chai kiwandani.

"Baba Koku, vipi?"

"Amechanjwa."

Kemilembe alipiga kelele mpaka Projest akaiondoa simu sikioni. Alisikia wenzake wa mezani wakiuliza kuna nini, naye akiwajibu, amechanjwa, mtoto wangu amechanjwa! Kisha akauliza umefanikiwaje, mume wangu, na watu wote wale. "Nitakueleza," alisema Projest, akakata. Alikuwa na furaha, hilo asilikatae mtu. Alikuwa pia anaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu awe mtu mzima.

Mama Chenge alikuwa amesimama kando ya geti, anakaza kanga ya mgongoni. Projest akamsogelea. Akaanza kusema maneno mengi. Kwamba pole sana. Kwamba hakujua zimebaki ngapi, nani angejua? Kwamba lazima mtu aliweke sawa jambo hili, haiwezekani dozi ishirini kwa watoto hamsini, kwamba yeye ataandika, atapiga simu, mwezi ujao atakuja mwenyewe asimame naye. Kwamba ule ulikuwa ni uongo mdogo tu wa kupitia mlangoni, hakukusudia ubaya.

Yeye alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake hayakuwa na hasira, na Projest angependa sana yangekuwa nayo. Alimuuliza kwa upole, kama anayetaka kweli kujua:

"Mwalimu, mbona hukusema huyo wako ndiye wa Pius?"